"Umeelewa?" Swali hili limeniponza dirishani na nyumbani (uzi mrefu)

Mtoa Dawa wa Ruvuma

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, nimeubeba moyoni muda.

Nahudumia kwenye duka la dawa muhimu huku Ruvuma, mwaka wa 11 sasa. Wengi bado mnasema "dawa baridi", jina la zamani. Mfumo wa maduka haya ulianzia huku kwetu Songea mwaka 2003, kisha ukaenea mikoa mingine. Kazi yangu watu huiona kama kuhesabu vidonge na kupokea hela. Ukweli ni kwamba nusu yake ni kuongea, na hiyo nusu ndiyo ngumu.

Msimu mmoja wa mvua alikuja mzee na karatasi ya zahanati. Kapimwa, malaria ipo, kaandikiwa mseto. Vidonge 24. Nikamwambia: "Babu, vinne, kutwa mara mbili, siku tatu. Umeelewa?" Akasema, "Nimeelewa, mwanangu." Akashukuru, akaondoka.

Siku ya nne akarudi, mjukuu kamshika mkono, homa imempanda upya. Nikaomba kuona pakiti. Vidonge 12 vilikuwa bado vimo. Alikunywa viwili asubuhi na viwili jioni. Kwake yeye niliagiza vinne vya siku, vigawanywe mara mbili. Ndivyo alivyosikia, na nikiirudia sentensi yangu leo naona hakukosea kusikia. Ningesema "vinne vinne" pengine ingetosha. Neno moja kurudiwa. Nilimrudisha zahanati siku ileile akaangaliwe upya, na namshukuru Mungu alipona, lakini wiki nzima sikulala vizuri.

Kilichoniuma ni kwamba nilimuuliza. Nilimuuliza "umeelewa?" na akajibu ndiyo. Ningeweza kuapa mahakamani kwamba nilimwelekeza.

Nikaanza kujichunguza. Mzee wa miaka sabini na kitu, mbele yake binti wa umri wa mjukuu wake, nyuma yake watu wanne wanasubiri. Kuna jibu gani jingine zaidi ya "ndiyo"? Kwetu mtu mzima kumwambia mtoto "sijaelewa" hadharani si jambo jepesi. Na aliyeelewa vibaya hana hata habari kwamba kaelewa vibaya, kwa hiyo "ndiyo" yake ni ya kweli kabisa. Hajanidanganya. Mimi ndiye niliyeuliza swali lenye jibu moja tu.

Tangu hapo nikaanza kuwasikiliza wateja kwa sikio jingine, na mambo niliyoyakuta yalinitisha. Mnazijua zile bahasha ndogo za dawa tunazoandika 1x3? Sisi tunasoma "kimoja, kutwa mara tatu". Nilimkuta mama anayesoma "kimoja kwa siku tatu". Kidonge kimoja, anakaa siku tatu, anameza kingine. Na kijana wa 2x3 aliyezidisha kama alivyofundishwa shuleni akapata sita, akameza sita kwa mpigo. Hesabu yake ni sahihi. Maandishi yangu ndiyo hayakumwambia chochote kuhusu asubuhi, mchana na jioni. Siku hizi nachora: jua linachomoza, jua la utosini, mwezi. Chini ya kila mchoro naweka nukta za idadi ya vidonge.

Lingine ni saa. Nilimwambia dada mmoja dawa yake anywe saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Akaweka kengele kwenye simu: 2:00. Simu ikamwamsha saa nane usiku wa manane, akanywa, akalala. Ya mchana ikalia 2:00 nyingine, akanywa. Masaa 12 yametimia vizuri, lakini alikuja kunilalamikia kwamba dawa yangu inamnyima usingizi. Sisi huhesabu saa kuanzia jua linapochomoza, simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, na mtu mmoja anaishi na saa zote mbili mfukoni. Sasa nasema "ukimaliza chai ya asubuhi" na "ukimaliza chakula cha usiku". Ramadhani nasema futari na daku. Kwa mseto hili la chakula lina faida zaidi, kwa sababu ile dawa inataka tumbo lenye kitu cha mafuta kidogo, hata kikombe cha maziwa, ndipo mwili uipokee vizuri.

Na swali la "umeelewa?" nililiacha. Mahali pake nimeweka hili: "Babu, ukifika nyumbani, bibi akikuuliza dawa hizi zinanywewaje, utamwambiaje?"

Mzee huyohuyo ambaye asingekubali kupewa mtihani na mtoto, hapo ananyoosha mgongo na kuanza kueleza. Kwa sababu sasa yeye ndiye anayefundisha. Akikosea, simwambii amekosea. Namwambia "nimekueleza vibaya, ngoja nirudie", na mara nyingi ni kweli nimemweleza vibaya.

Jambo la pili ni salamu. Zamani mtu akifika nilikuwa nadaka karatasi kwanza. Sasa naanza na shikamoo yake, naulizia nyumbani, naulizia shamba. Watu wa mjini mnaona tunapoteza muda. Lakini ni kwenye "za nyumbani?" ambapo mama alinijibu "wazima, ila huyu mkubwa naye anaharisha tangu juzi", kumbe alikuja kununua dawa ya mtoto mmoja ili aigawe ileile kwa wawili. Lisingetoka kwa njia nyingine. Mgonjwa hakuletei tatizo lake lote kwa pamoja. Anakuletea kipande kwanza, aone utakipokeaje.

Sasa nyumbani. Mume wangu anafanya kazi mbali, anarudi mara moja kwa mwezi. Msimu ule wa mahindi akanitumia ujumbe: "Chukua mbolea mifuko miwili, hela nimetuma." Nikachukua ya kupandia. Yeye alimaanisha ya kukuzia, kwa sababu kwa akili yake mahindi yameshafika magotini, na alisahau kwamba mvua ilichelewa na tulikuwa hatujapanda nusu ya shamba. Aliporudi akasema, "Si nilikwambia?" Nami nikasema, "Uliniambia mbolea." Siku mbili hatukuongea zaidi ya "chakula tayari" na "asante".

Mimi huyu, ninayewachorea watu jua na mwezi kwenye bahasha, nilipokea ujumbe wa maneno sita kuhusu mifuko miwili ya hela nyingi, na sikuuliza ipi. Wageni nawahudumia kwa uangalifu, na mtu ninayelala naye namhudumia kwa kukisia. Kwa nini? Nadhani kwa sababu tunaamini tunajuana. Kujuana huko ndiko kunakotufanya tusiulize.

Ndiyo maana nimeuleta uzi huu. Nyie kwenye kazi zenu na nyumba zenu, mnajuaje kwamba mlichosema ndicho kilichofika?

---

Dirisha la Tatu

Mtoa Dawa, nimesoma mpaka mwisho na nimekuelewa, lakini naomba nikupinge kidogo. Mimi niko dirisha la dawa hospitali kubwa. Kioo kina tundu dogo chini, mgonjwa anainama kama anachungulia shimo, nyuma yake watu wamejaa hadi mlangoni. Mtoto analia, feni inapiga kelele, naita jina mara tatu. Nikianza kumuuliza kila mtu "bibi akikuuliza utamwambiaje", jua litazama nina nusu ya foleni. Unayosema ni mazuri kwa duka la kijijini.

---

Mtoa Dawa wa Ruvuma

Dirisha la Tatu, sikatai. Hilo tundu la kioo nalijua, nilifanyia mazoezi kwenye dirisha kama hilo. Mgonjwa hakuoni mdomo, nawe humwoni uso.

Mimi nachagua. Aliyezoea dawa zake za kila mwezi simsumbui. Namuuliza mzee aliyekuja peke yake, mama mwenye mtoto mchanga, mtu anayepewa dawa kwa mara ya kwanza, na yeyote mwenye bahasha zaidi ya tatu mkononi. Na simwulizi yote. Naokota lile moja ambalo akikosea litamdhuru. Ni swali la pumzi moja. Yule aliyerudi siku ya nne na homa alinichukua muda mrefu kuliko wateja wangu wote wa asubuhi ile, ukiachilia mbali yeye mwenyewe alivyoteseka.

---

Mnara wa Uwanja

Nimefanya kazi uwanja wa ndege miaka mingi na hiki unachokieleza kwetu ni sheria. Rubani akipewa ruhusa hajibu "sawa" tu. Analazimika kuirudia: njia ipi, kimo kipi, namba ipi. Aliye mnarani anasikiliza ile marudio kwa makini kuliko alivyosema mwenyewe, na kikitoka kingine anasahihisha palepale.

Kila anayesomea kazi hizi anafundishwa ajali ya Tenerife, visiwa vya Kanari, tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM na nyingine ya shirika la Pan Am, kwenye barabara moja ya kurukia, ukungu mzito, hakuna anayemwona mwenzake. Rubani wa KLM alitamka maneno yanayoweza kubeba maana mbili: kwamba ndiyo anaanza kuruka, au kwamba yuko mahali pa kurukia. Mnara ukaelewa hiyo ya pili. Ukajibu "sawa", kisha ukaongeza asubiri. Sekunde hiyohiyo Pan Am nao wakaongea kwenye redio kusema bado wako barabarani. Sauti mbili zikagongana, na ndani ya KLM kikasikika mlio tu. Lile "sawa" peke yake ndilo lililofika wazi.

Kinachoniuma hata leo ni kwamba mhandisi ndani ya ile ndege ya KLM aliuliza kama Pan Am wameshatoka barabarani. Nahodha akajibu kwa uhakika kwamba wametoka. Naye alikuwa nahodha mwenye jina kubwa kwenye shirika lake. Hakuna aliyeuliza tena. Walikufa watu 583.

Baada ya hapo maneno yenyewe yalibadilishwa. Neno la "kuruka" likawekewa mpaka: linatamkwa pale ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa, kwingine kote linatumika neno jingine. Na marubani wasaidizi wakaanza kufundishwa kumpinga nahodha, na manahodha kufundishwa kupingwa.

Kwa hiyo dada yangu, "nimeelewa, mwanangu" ya yule mzee na "sawa" ya ule mnara mimi naziweka kapu moja.

---

Mtoa Dawa wa Ruvuma

Mnara, umenisimamisha. Nimesoma kipande cha yule mhandisi mara tatu. Aliuliza. Hakunyamaza, aliuliza, na swali lake likazimwa na uhakika wa mkubwa. Nitakumbuka hilo kila nikimjibu msaidizi wangu dukani haraka haraka.

---

Mjukuu wa Mwanza

Mimi niongeze la lugha. Bibi yangu ni Msukuma wa ndani, Kiswahili anakisikia kidogo, kukiongea hataki. Tulimpeleka hospitali mjini, akaambiwa kesho aje bila kula chochote, kuna kipimo. Akaitikia kwa kichwa vizuri kabisa. Kesho yake akapata uji wake kama kawaida, tukapanda gari, tukafika, kipimo kikashindikana. Nauli mara mbili, siku mbili, na mguu wake unavyomsumbua.

Niliudhika nikamuuliza mbona alikubali. Akanijibu kwa Kisukuma, nami nawapa kwa Kiswahili: yule kijana alikuwa anaongea kwa heshima, ningemwambia sielewi ningemwaibisha.

Yaani bibi alikuwa anamlinda daktari.

Mara ya pili tulimpata nesi mmoja aliyemwona tu akamwamkia "mwangaluka". Mkuu, bibi alibadilika uso. Aliongea pale dakika kumi, akataja na maumivu ya kifua ambayo sisi nyumbani hatukuwahi kuyasikia. Hatukuwahi, na tunaishi naye.

---

Fundi Bomba

Nawaunga mkono kwa upande wa kazi. Mteja akiniambia "weka bomba pale" namwambia tuende tukapaguse hapo pale. Nimeshavunja vigae vya watu kwa sababu ya "pale".

Ila kwa upande wa nyumbani nina swali la dhati. Nilishajaribu kumwambia mke wangu "hebu rudia nilichosema". Aliniangalia akaniuliza kama mimi ni mwalimu wake. Na ana haki. Dukani mteja anakuheshimu kwa sababu wewe ni mtaalamu. Nyumbani ukimwambia mwenzako arudie, unamfanya mtoto.

---

Mtoa Dawa wa Ruvuma

Fundi Bomba, hili ndilo swali nililokuwa nalingoja, kwa sababu na mimi liliniunguza.

Nyumbani nimegeuza. Simwambii arudie. Narudia mimi, cha kwake. Mume wangu akinitumia "lipa ada", namjibu: "Nalipa ya muhula huu ya mkubwa tu, ya mdogo tunangoja mwisho wa mwezi, ndivyo?" Mwanzoni alishangaa, alidhani namchimba. Baada ya muda nikaona naye ananijibu hivyohivyo bila kuambiwa. Wiki iliyopita nilimwambia kwenye simu kwamba nimechoka. Zamani angesema "pole". Safari hii akaniuliza, "Umechoka na kazi, au umechoka kuwa peke yako na watoto?"

Nilikaa kimya nikashindwa kujibu, nikalia kidogo. Miaka yote hiyo nilikuwa nasema "nimechoka" na sijawahi kuulizwa kuchoka kupi.

Lakini lina wakati wake. Mtu akiwa na hasira, ukimrudishia maneno yake anaona unamwekea ushahidi. Hapo mimi hungoja kwanza apoe, tena hungoja mpaka tumekula.

---

Binti wa Mvita

Hamjambo nyote. Mie niko Mombasa. Mumezungumza maneno yasiyosikika vyema, nami nataka kusema yale yasiyotamkwa kabisa. Kwetu pwani, msichana alipokuwa akikaribia kuolewa alikuwa na somo wake, mwanamke mkubwa asiyekuwa mamake, wa kumfunza mambo ya mwili na kumtajia kila kitu kwa jina. Mama hakuweza kuyasema hayo mbele ya mwanawe, na mila ililijua hilo ikamtafutia mtu. Wengi wetu sasa hatuna somo. Tuna muuza dawa, mara nyingi kijana wa kiume, na watu wamesimama nyuma. Unanong'ona "nataka dawa ya… ya wanawake", naye kwa haya anakupa pakiti bila ya kukutazama. Nimeshuhudia jamaa yangu akimeza dawa isiyokuwa ya kumezwa.

---

Mtoa Dawa wa Ruvuma

Binti wa Mvita, Mungu akubariki kwa kulisema. Hilo nalikuta sana. Vidonge vya fangasi vya kuweka ukeni vinamezwa kwa sababu aliyetoa aliona haya kutamka "ukeni", akasema "utatumia usiku". Kidonge ni kidonge, kwa nini asimeze? Kisha anarudi kusema dawa haifanyi kazi, na mwingine anaanza kumshuku mumewe.

Mimi nimetenga kona nyuma ya kabati, nimeweka kigoda. Namwita mteja pale, nashusha sauti, nalitaja neno lenyewe mara moja bila kuzunguka. Nimeona kwamba nikilitaja mimi kwanza kwa utulivu, naye anapata ruhusa ya kulitaja. Wa kiume dukani nimemfundisha akiona anashindwa aniite, asikisie.

---

Mama wa Mapacha

Samahanini naingilia, nimeona kuna mtoa dawa humu. Mwanangu mmoja ana mwaka na miezi miwili, anaharisha tangu jana. Nimepewa ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki. Nimeelewa vizuri maelekezo ila anaitema ORS, anakunja uso. Nimlazimishe?

---

Mtoa Dawa wa Ruvuma

Pole sana mama. Kabla sijakujibu, niambie ulivyoichanganya. Chombo gani, maji kiasi gani, paketi ngapi. Na anakojoa? Machozi yapo akilia? Macho hayajazama? Kuna damu kwenye choo?

---

Mama wa Mapacha

Anakojoa, machozi yapo, macho ya kawaida, damu hakuna. Ananyonya vizuri. Nimechukua chupa ndogo ya maji ya kunywa, ile ya nusu lita, nimemwagia paketi moja yote nikatikisa.

---

Mtoa Dawa wa Ruvuma

Mama, hiyo imwage, usimpe tena. Soma paketi yako: kama imeandikwa lita moja, hiyo ina chumvi mara mbili ya inavyotakiwa, huenda ndiyo maana anaitema, na inaweza kumdhuru. Paketi moja ya lita moja inataka chupa MBILI za hizo ndogo, maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Mpe kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko, kila akiharisha, na kunyonya kusikome. Ikibaki hadi kesho muda kama huu, mwaga utengeneze mpya. Zinki ya miligramu 20 ni kidonge kimoja kwa siku, siku 10, hata akipona kesho. Akianza kulegea, akikataa kunywa, akitapika kila kitu, macho yakizama au ukiona damu, usiningoje mimi hapa, nenda kituoni hata kama ni usiku.

Sasa mama, dada yako akija kukusaidia hao mapacha leo, utamwambia aitengeneze vipi?

---

Mama wa Mapacha

Nimeshamwaga. Nitamwambia paketi moja, chupa mbili za nusu lita, maji ya kuchemsha yaliyopoa, ampe kwa kijiko kila akiharisha. Zinki kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni siku kumi.

---

Mtoa Dawa wa Ruvuma

ORS umepatia. Zinki kimoja tu kwa siku nzima, mama, si viwili. Chagua asubuhi au jioni, ukiyeyushe kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa yako.

---

Mama wa Mapacha

Kimoja kwa siku. Jioni, akishanyonya. Siku kumi.

---

Mtoa Dawa wa Ruvuma

Hapo sawa. Kachemshe maji.